Vidakuzi, Ufuatiliaji Mtandaoni na Faragha ya Mwamini

Mwamini anapofungua tovuti ya gazeti, ya benki, ya chuo au hata ya shirika la Kanisa, mara nyingi hukutana kwanza na ujumbe unaomwomba akubali vidakuzi. Kitufe cha kukubali ni kikubwa na chenye rangi ya kuvutia. Maelezo yanayokizunguka ni marefu, tena aghalabu yako katika lugha ya kigeni. Kwa kuwa haja yake ni kusoma habari, hubofya na kuendelea. Katika makala hii tunaeleza ni kitu gani anachokikubali, kwa nini jambo hilo linagusa hadhi yake kama mwanadamu, na namna anavyoweza kuchagua kwa uhuru. Msingi wa maelezo yetu ni huu: ridhaa ni tendo la utashi, na hakuna awezaye kuridhia kweli jambo asilolifahamu.

Kidakuzi ni nini?

Kidakuzi, ambacho wengine hukiita kuki, ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyahifadhi ndani ya kivinjari, yaani ile programu ya simu au kompyuta tunayoitumia kufungulia kurasa za intaneti, kama vile Chrome, Firefox au Safari. Mara nyingi maandishi hayo ni mfululizo wa herufi na tarakimu usio na maana yoyote kwa anayeutazama.

Asili yake ni hitaji la kawaida. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, haina kumbukumbu ya mgeni wake. Kila ukurasa unaoombwa huhesabiwa kuwa ombi jipya kutoka kwa mtu asiyejulikana. Mwaka 1994, Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape nchini Marekani, alibuni njia ya kuliwezesha duka la mtandaoni kukumbuka bidhaa alizozichagua mteja anapohama kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Tunaweza kuilinganisha njia hiyo na kijikaratasi cha namba anachopewa msafiri anapoacha mzigo wake stendi. Kijikaratasi chenyewe hakina siri yoyote. Daftari linabaki kwa mtunza mizigo. Msafiri anaporudi na kuonyesha namba yake, mtunzaji hufungua daftari na kumtambua.

Hivyo, kidakuzi si virusi, wala hakina uwezo wa kusoma picha na jumbe zilizomo katika simu. Vidakuzi vingine hufutika mara tu kivinjari kinapofungwa. Vingine hudumu miezi au hata miaka. Kwa upande wa kazi, vipo vya aina nne. Vya lazima humwezesha mtu kuingia katika akaunti yake au kukamilisha malipo kwa usalama. Vya mapendeleo hukumbuka mambo kama lugha aliyoichagua. Vya takwimu huhesabu wasomaji na kurasa wanazozifungua. Vya matangazo humfuatilia mtu ili aonyeshwe bidhaa zinazodhaniwa kumfaa. Aina ya kwanza haina ugomvi na mtu. Maswali mazito yanazuka katika aina ya mwisho.

Namna ufuatiliaji unavyofanyika

Ukurasa mmoja wa tovuti unaweza kubeba vipande vinavyotoka kwa kampuni nyingine nyingi: tangazo, video, ramani, kitufe cha kushirikisha habari katika mitandao ya kijamii, au pikseli, yaani kijipicha kidogo mno kisichoonekana kwa jicho. Kila kipande huomba kitu kutoka katika seva ya mwenyewe, na kwa ombi hilo kampuni husika inaweza kuweka au kusoma kidakuzi chake. Vidakuzi vya namna hii huitwa vya wahusika wengine, kwa sababu havitoki kwa mwenye tovuti tuliyoitembelea.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anasoma katika tovuti ya afya kuhusu ugonjwa wa mtoto wake. Jioni anatafuta mahali pa kukopa fedha za matibabu. Kabla ya kulala anafungua ukurasa wa sala ya novena. Ikiwa kurasa hizo tatu zina kipande cha kampuni ileile ya matangazo, kampuni hiyo inaona namba ileile mahali pote patatu. Haihitaji kulijua jina lake. Inaweza kukisia kwamba yupo mama, mwamini, mwenye mtoto mgonjwa na uhitaji wa fedha. Kesho yake anaweza kuletewa tangazo la mkopo wa haraka, wa aina ile ambayo watu wetu wameipa jina la kausha damu, tena katika saa ambayo moyo wake ni dhaifu kuliko saa nyingine zote. Hapo ndipo madhara ya ufuatiliaji yanapoonekana: udhaifu wa mtu umegeuzwa kuwa bidhaa inayouzwa bila yeye kujua.

Zipo njia nyingine pia. Programu za simu zinaweza kutumia namba maalumu ya matangazo iliyomo ndani ya simu yenyewe. Baadhi ya tovuti hukusanya alama ndogondogo kama ukubwa wa kioo, lugha, saa za eneo na aina ya kifaa, kisha kwa kuziunganisha hukitambua kifaa hata pasipo kidakuzi. Kwa hiyo, kufuta vidakuzi peke yake hakumalizi ufuatiliaji wote, ingawa kunaupunguza.

Mafundisho ya Mama Kanisa

Wapo wanaosema kwamba asiye na kosa hana cha kuficha. Kanisa halifundishi hivyo. Hati ya Kichungaji Gaudium et Spes, iliyotangazwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano tarehe 7 Desemba 1965, katika namba 26 inaihesabu haki ya kulindwa kwa maisha ya faragha miongoni mwa mambo anayostahili kila mtu ili aishi maisha ya kibinadamu kweli. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 220, zinakataza kuharibu isivyo halali sifa njema ya mtu na kuvunja haki yake ya kulinda faragha yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2489 na 2492, inatukumbusha kwamba si kila mtu ana haki ya kuujua ukweli wote wa maisha ya mwingine, na kwamba kila mmoja anapaswa kuwa na kiasi kuhusu mambo ya binafsi ya jirani yake.

Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Mathayo sura ya 6, anatufundisha kusali tukiwa chumbani, mlango umefungwa, mbele ya Baba aonaye sirini. Mlango huo haufungwi kwa sababu ya aibu. Unafungwa kwa sababu yapo mambo ya moyo yanayokua katika ukimya tu: toba, maombolezo, mashaka ya imani, maamuzi ya wito. Mungu anatujua hata ndani kabisa, naye anatujua ili atuokoe. Anayetuchunguza ili atuuzie kitu hana haki ya kudai nafasi hiyo.

Kuhusu ridhaa, Kanisa lina hekima ya karne nyingi, hasa katika mafundisho juu ya ndoa. Kanuni ya 1057 inaieleza ridhaa ya ndoa kuwa tendo la utashi lisiloweza kutolewa na mwingine yeyote kwa niaba ya wenye kuoana. Kanuni za 1096 na 1103 zinaonyesha jinsi ujinga wa mambo ya msingi, au nguvu na hofu kubwa, unavyoweza kuibatilisha. Hatulinganishi kitufe cha tovuti na ahadi takatifu ya ndoa. Hata hivyo, mantiki yake inatusaidia: ndiyo inayopatikana kwa kumchosha mtu, kumficha maelezo au kumkosesha njia ya kukataa ni ndiyo yenye kasoro.

Sheria za nchi

Watunga sheria nao wamefikia maoni yanayokaribiana na hayo. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni kuu ya ulinzi wa taarifa, inayojulikana kama GDPR, ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Tarehe 1 Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekwa alama ya kukubali kabla mtumiaji hajafanya lolote hakihesabiwi kuwa ridhaa. Mnamo Januari 2022, mamlaka ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukataa vidakuzi katika tovuti zao kulikuwa kugumu kuliko kuvikubali. Jumbe nyingi za vidakuzi tunazokutana nazo hapa Afrika Mashariki zimetokana na sheria hizo za Ulaya.

Nasi tunazo sheria zetu. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa mwaka 2019, nayo Katiba ya nchi hiyo inalinda faragha katika ibara ya 31. Nchini Tanzania, ibara ya 16 ya Katiba inatambua haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikiunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko. Sheria za nchi zote mbili zinaitazama imani ya mtu na hali ya afya yake kuwa taarifa nyeti, zinazohitaji uangalizi wa pekee.

Mambo ya kufanya

Kwanza, ujumbe wa vidakuzi unapotokea, tutafute maneno kama Kataa zote, au Dhibiti chaguo. Tukiingia katika sehemu ya chaguo, tuache vya lazima na kuzima vya matangazo. Tovuti nyingi zitaendelea kufanya kazi vizuri.

Pili, tufungue mipangilio ya kivinjari, sehemu ya faragha, na kuzuia vidakuzi vya wahusika wengine. Safari na Firefox huvizuia kwa kiasi kikubwa bila kuombwa. Katika Chrome inafaa tukague wenyewe.

Tatu, tufute data ya kuvinjari mara kwa mara. Tukumbuke kwamba kufanya hivyo hututoa katika akaunti zetu, hivyo tuhakikishe kwanza kwamba tunayajua manenosiri yetu.

Nne, tusiitegemee mno hali fiche ya kivinjari. Inazuia historia isibaki katika kifaa, lakini haimfichi mtu kwa tovuti anazozitembelea wala kwa kampuni inayompa huduma ya intaneti.

Tano, katika simu ya Android, sehemu ya matangazo ndani ya mipangilio ya Google inaturuhusu kufuta namba ya matangazo. Katika iPhone tunaweza kuzikataza programu zisiombe kutufuatilia. Vilevile tukague ruhusa: programu ya tochi haihitaji kujua mahali tulipo wala orodha ya majina katika simu.

Sita, katika familia inayotumia simu moja, na kwa wanaojaza maombi ya kazi au ya vyuo katika kompyuta za steshenari, ni lazima kutoka katika akaunti kabla ya kuondoka. Anayefuata asikute barua zetu, wala matangazo yanayofichua ugonjwa tulioutafuta kwa machozi.

Wajibu wa parokia na taasisi zetu

Itakuwa aibu tukiwahimiza waamini kujilinda huku nyumba yetu wenyewe ikivuja. Parokia inapoweka video ya Misa au ramani katika tovuti yake, inaweza kuwa imewakaribisha wafuatiliaji pamoja nayo. Msimamizi wa tovuti aulizwe jambo hilo. Fomu ya nia za Misa iombe yale tu yanayohitajika, na majibu yake yasomwe na wahusika peke yao. Orodha ya wagonjwa, majina ya wanaosaidiwa na wanyonge wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na takwimu za zaka za kila familia si habari za kurushwa katika makundi ya simu. Tovuti inayotumia vidakuzi iseme hivyo kwa Kiswahili chepesi, na kitufe cha kukataa kiwe wazi sawasawa na cha kukubali.

Hatuwaiti waamini kuukimbia mtandao. Kwa njia hiyo wengi wanasikiliza Neno la Mungu, wanajifunza na kuwasiliana na ndugu walio mbali. Tunawaalika kuutumia kama watu huru. Wazazi wanaweza kuanza jioni moja kwa kukaa na watoto wao, kufungua mipangilio ya simu ya nyumbani, na kuulizana kwa kila ruhusa: anayeomba hili ni nani, na analitakia nini? Kijana aliyezoea swali hilo katika jambo dogo atakuwa tayari kuliuliza siku atakapoombwa jambo kubwa.