Nithi ina jina, chanzo chake kina jina la mgeni

Kila anayesafiri kati ya Embu na Meru analijua jina la Mto Nithi. Anavuka daraja lake kwa tahadhari, kwa sababu mteremko na kona za pale zimeua watu wengi. Mto huo ndio pia uliotoa nusu ya jina la Kaunti ya Tharaka-Nithi. Lakini ukifuata maji yake hadi juu mlimani, unafika kwenye ziwa linaloitwa Michaelson.

Ziwa hilo liko karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, katika Bonde la Gorges, upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Limezungukwa na kuta za mawe, na juu yake limesimama genge la Temple, ambalo anayechungulia kutoka ukingoni hushika pumzi. Bonde lenyewe lilichimbwa na barafu ya kale iliyoteremka polepole ikikwangua mwamba. Ilipoyeyuka, maji yakabaki shimoni.

Majina ya kigeni yalipandia njia ya Chogoria, mji wa upande huo huo wa mlima. Mwaka 1922 Dkt. Clive Irvine wa misheni ya Kiskoti alianzisha hospitali hapo. Ernest Carr akatengeneza njia ya gari kuelekea kibanda cha Urumandi, na kuna maziwa madogo mlimani yanayoitwa kwa jina lake. Mwandishi Vivienne de Watteville alikaa Urumandi mwaka 1929, na maporomoko ya bonde hilo yanaitwa Vivienne. Hata vilele vya Batian, Nelion na Lenana, vyenye majina ya ukoo wa laiboni wa Kimaasai, vilibatizwa na Mwingereza, Halford Mackinder, aliyefika kileleni mwaka 1899.

Aliyeshika kalamu ya ramani ndiye aliyetoa majina. Wabebaji mizigo wenyeji walipanda njia zile zile, lakini hawakuulizwa. Chini kidogo, majina ya wenyeji yalidumu: ziwa Rutundu, kilele cha Ithanguni, na Nkunga, ziwa linaloheshimiwa na Wameru. Mlima wenyewe Wameru huuita Kirimaara.

Kenya imewahi kurekebisha jambo kama hili. Mwaka 1888 wapelelezi wa Kizungu, Teleki na von Höhnel, waliliita ziwa kubwa la kaskazini kwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Mwaka 1975 likaitwa Turkana, na hakuna msafiri aliyepotea kwa sababu hiyo.

Simdai mtu afute Michaelson kwenye ramani kesho. Nadai kazi ya mwanzo: serikali za kaunti, shule na wasimamizi wa hifadhi wakae na wazee wa Chogoria, Chuka na Meru, pamoja na wabebaji waliozeeka njiani, waandike kila jina wanalolijua la kila bonde na kila maji. Wanaokunywa Nithi wana haki ya kuulizwa chanzo chake kiitweje.