Sarafu za Miji Iliyohusuriwa

Neno letu "fedha" lina maana mbili: ni madini, tena ni mali ya kununulia. Katika mji uliohusuriwa maana hizo hukutana, kwa kuwa sahani ya mezani hugeuka kuwa mshahara wa askari. Na askari asiyelipwa huwanyang'anya wenyeji.

Mji wa Newark, kando ya mto Trent huko Uingereza, ulimshika Mfalme Charles wa Kwanza alipopigana na Bunge. Ulihusuriwa mara tatu, na mara ya mwisho tangu Novemba 1645 hata Mei 1646. Tauni nayo ikaingia. Ndipo vyombo vya fedha vilipokatwa vipande na kupigwa muhuri. Umbo lao si la mviringo, ni mfano wa uru, kwa wale wajuao karata. Maana bamba likikatwa hivyo mabaki huwa machache. Upande mmoja pana taji, herufi C na R, na thamani yake: peni 30, 12, 9 au 6. Upande wa pili pana jina la mji, mwaka, na herufi OBS, mkato wa neno la Kilatini la kuhusuru. Vipande vingine vingali na nakshi ya chombo cha kwanza. Mji ulisalimu kwa amri ya mfalme mwenyewe, aliyekuwa amekwisha kujitia mikononi mwa Waskoti.

Ngome ya Pontefract ilikuwa na ushupavu zaidi. Ilihusuriwa mwaka 1648, na sarafu zake zilisema kwa Kilatini, "Maadamu napumua, natumaini." Mfalme akakatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, na Bunge likakataza mtu yeyote asitangazwe mfalme badala yake. Walioko ngomeni wakapiga sarafu nyingine kwa jina la Charles wa Pili, zenye maneno, "Baada ya kufa baba, kwa ajili ya mwana." Kipande kidogo cha fedha kilikuwa tangazo lililokatazwa.

Lakini mwaka ulioandikwa juu yake ni 1648! Fundi hakukosea. Waingereza wa siku zile walianza mwaka tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Mariamu. Basi Januari yetu ya 1649 kwao ilikuwa 1648 bado. Na ngome ilisalimu katika Machi ile ile, mwaka wao mpya ukikaribia. Baadaye ikabomolewa.