Wosia Wenye Kitisho

Wazee wa Kitanga waliohofia kwamba watoto wao watagombana wakishazikwa walikuwa na neno la kufungia wosia: atakayepeleka jambo hili barazani hana fungu. Nikiwa karani wa mahakama ya mwanzo nililikuta mara nyingi kwenye kurasa zilizochanwa kwenye daftari la shule, kwa mwandiko wa mjukuu. Nyuma ya neno hilo ilisimama laana ya baba, nayo kwetu Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, haichezewi.

Mahakamani lilipimwa kwa mizani nyingine. Mwaka 1963, kwa Tangazo la Serikali Na. 436, ziliwekwa kwenye maandishi sheria za urithi na wosia za makabila yanayofuata ukoo wa baba, kama sisi Waha. Zilijengwa sana juu ya kazi ya Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni. Humo baba anaruhusiwa kumnyima mtoto urithi, ila kwa sababu zilizotajwa: amezini na mke wa baba, amejaribu kumuua au kumdhuru vibaya, amemtupa katika njaa au ugonjwa, ameharibu mali yake. Kwenda mahakamani hakumo. Tena sababu itajwe waziwazi, na mtoto apewe nafasi ya kujitetea mbele ya baba au baraza la ukoo. Hapo ndipo kitisho kilipoishiwa nguvu, maana kilimhukumu mtu kwa kosa ambalo hajalitenda.

Wosia wa mdomo ulihitaji mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Hao wa nje ndio niliowaamini. Ndugu huweza kupatana msibani nani asukumwe pembeni. Jirani hana fungu la kulinda. Lakini kuanzia 1972 Operesheni Kigoma iliwahamishia watu kwenye vijiji vipya, na majirani waliojua mpaka uko wapi wakatawanyika. Baadaye watu waliporudia mahame yao, wosia uliosema "kutoka mgombani hadi kijitoni" haukuwa na wa kuuonyesha kwa kidole. Mgomba wenyewe ulishakufa. Nasema wazi: kesi nyingi zilizoitwa za wosia zilikuwa za mipaka.

Kwa binti mambo yalikuwa mabaya zaidi, hata pale baba asipomtisha mtu. Sheria ile ilimweka daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote, na ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuitumia tu, asiiuze. Na hii ni nchi ambayo Mwami Theresa Ntare alishika utawala wa Heru, Kasulu, tangu 1946! Mwanamke aliweza kuwatawala wenye mashamba, asiweze kuuza shamba.

Kizuizi cha kuuza kilivunjwa Mwanza mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Jaji Mwalusanya aliegemea Tamko la Haki lililoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Baadaye wajane wawili waliiomba Mahakama Kuu ifute vifungu vya urithi vya 1963. Mwaka 2006 ilikiri kwamba ni vya kibaguzi, kisha ikaviacha vilivyo.