Tu-stroki hufa kwa hewa, si kwa uzee: Mwongozo wa kufufua pikipiki kuukuu nyumbani

PIKIPIKI ndogo zenye injini ya mipigo miwili, ambazo mafundi huziita tu-stroki, ziliwahi kutamba katika barabara za vumbi kote Afrika Mashariki. Yamaha DT na AG100, pamoja na Suzuki A100 na TF125, ziliwabeba maafisa wa kilimo, wahudumu wa afya na walimu hadi vijiji ambavyo gari halikufika. Kisiwani Zanzibar, Vespa kutoka Italia ikawa sehemu ya sura ya mji.

Enzi hiyo ilififia pole pole. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250, na bodaboda za mipigo minne kutoka India na China zikafurika nchini. Tu-stroki nyingi zilisukumwa nyuma ya nyumba, zikafunikwa magunia na kusubiri mnunuzi wa vyuma chakavu.

Hata hivyo, mashine ya aina hii ni miongoni mwa zile ambazo mtu mwenye subira na vifaa vichache anaweza kuzifufua nyumbani. Sehemu kuu zinazosogea ndani yake ni chache mno: pistoni na ringi zake, rodi na kranki. Haina vali za juu wala mnyororo wa kuziendesha.

Kwa mkazi wa Ramisi, Kaunti ya Kwale, kazi hiyo ina masharti yake. Mji huo uko kilomita chache tu kutoka baharini. Wenyeji waliokishuhudia kiwanda chao cha sukari kikifungwa mwaka 1988 hawahitaji kuambiwa jinsi upepo wa chumvi unavyokila chuma kilichoachwa. Lakini kutu siyo inayoua tu-stroki nyingi baada ya kufufuliwa. Kinachoziua ni hewa inayoingia mahali pasipostahili, au inayozidi kiwango cha petroli. Aghalabu mwenye pikipiki hushughulika na moshi anaouona, huku hewa asiyoiona ikimuunguzia pistoni.

Inavyofanya kazi

Pistoni inapopanda, hubana mchanganyiko wa petroli na hewa ulio juu yake. Wakati huo huo huvuta mchanganyiko mpya kutoka kwenye kabureta hadi chini, ndani ya chemba ya kranki. Cheche ikiwasha, pistoni hushuka na kufungua tundu la moshi, kisha matundu ya pembeni yanayopitisha mchanganyiko mpya kutoka chini kwenda juu. Hivyo, kila mzunguko wa kranki huleta mlipuko mmoja, ilhali injini ya mipigo minne huhitaji mizunguko miwili.

Mtindo wa kuifanya chemba ya kranki kuwa pampu ulibuniwa na Mwingereza Joseph Day mwishoni mwa karne ya 19. Kampuni ya Kijerumani ya DKW iliunda pikipiki ya RT 125 mwaka 1939, na baada ya Vita Vikuu vya Pili muundo wake ukanakiliwa na mataifa mengine. Ndio uliozaa BSA Bantam ya Uingereza na YA-1 ya mwaka 1955, pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha.

Kwa kuwa chemba ya kranki ni pampu, haiwezi kufanya kazi ikivuja. Na kwa kuwa haina oili yake yenyewe, beringi za kranki, rodi na pistoni hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Mchanganyiko ukiwa mkavu, yaani wenye hewa nyingi na petroli kidogo, joto hupanda na ulainishaji hupungua kwa pamoja. Pistoni huvimba na kukwama ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma hujifunga papo hapo. Katika barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga, yenye malori yanayokwenda na kutoka Tanzania, hiyo si hasara ya spea tu bali ni hatari kwa maisha.

Karatasi kabla ya spana

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, thibitisha umiliki. Pikipiki nyingi za aina hii zilikuwa mali ya serikali au ya mashirika, na zikauzwa kwa mnada. Linganisha nambari ya fremu na ya injini na zilizo kwenye kitabu cha usajili. Uhamisho wa umiliki hushughulikiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Mashine isiyo na stakabadhi ni pambo la sebuleni, hata ikiunguruma vizuri namna gani.

Usiipige teke ili kuona kama itawaka. Chumvi na kutu ndani ya silinda vitakwaruza ukuta wake. Ondoa plagi kwanza, mimina oili nyepesi kidogo, iache usiku kucha, kisha izungushe kwa mkono taratibu. Skrubu za chuma zilizokaa miaka mingi ndani ya aluminiamu katika hewa ya bahari hushikana nayo. Zipashe moto kiasi, zitie oili ya kupenyeza na uzilegeze kwa bisibisi ya kugongwa kwa nyundo. Ukitumia nguvu, utakata kichwa cha skrubu.

Ziba hewa

Sili mbili za kranki ndizo moyo wa kazi hii, na ndizo zinazosahauliwa zaidi. Mpira wake hukauka na kuwa mgumu hata pikipiki ikiwa imesimama. Sili ya upande wa magineto ikivuja, injini huvuta hewa ya nje na mchanganyiko hukauka. Ile ya upande wa klachi ikivuja, injini huvuta oili ya giaboksi na kutoa moshi mwingi mweupe. Hapo ndipo wengi hukosea: huona moshi, wakapunguza oili kwenye petroli, kumbe moshi ule unatoka kwenye giaboksi. Dalili ni rahisi kupima: kiwango cha oili ya giaboksi hupungua ilhali chini ya pikipiki hapana tone.

Badilisha sili zote mbili, gasketi zote, na mpira unaounganisha kabureta na silinda. Kisha pima. Ziba mlango wa kabureta na wa ekzosi, na uingize hewa kwa pampu ndogo kupitia tundu la plagi hadi pauni 6 kwa inchi mraba. Kipimo cha zamani cha shinikizo la damu hufaa sana, kwani milimita 300 za zebaki zinakaribia kiwango hicho. Mshale ukishuka haraka, paka povu la sabuni kwenye maungio na usubiri mapovu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta ni silinda mpya.

Pima silinda kwa kifaa halisi, si kwa kidole. Pikipiki kama Suzuki A100 ina kipenyo cha milimita 50, na nafasi kati ya pistoni na ukuta ni sehemu chache tu za mia za milimita. Silinda ikiwa imelika, huchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida hatua ya milimita 0.25 kila mara. Nunua pistoni kwanza, kisha umpelekee fundi wa mashine ya kuchonga aifuate pistoni hiyo.

Moto na petroli

Safisha pointi za magineto, na uziachie nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4. Nafasi ya plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Wakati wa cheche hupimwa kwa umbali wa pistoni kabla ya kufika kileleni, na kila modeli ina kipimo chake kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Cheche ikitangulia mno, joto hupanda na pistoni hutoboka.

Kabureta ifunguliwe yote. Petroli ya miaka mingi huacha gundi ndani ya jeti, na jeti iliyoziba nusu ni sawa na mchanganyiko mkavu. Isafishe kwa petroli na upepo wa pampu; usiichokonoe kwa waya wa chuma, kwani utaipanua.

Yupo pia msafiri asiyeshukiwa, naye ni pikipiki iliyonunuliwa Nairobi. Jiji hilo liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Fundi wa bara huenda aliweka jeti ndogo ili petroli ilingane na hewa hiyo. Pikipiki hiyo ikishushwa hadi Ramisi, hupata hewa nzito kwa petroli ile ile ya mlimani. Itakwenda kwa kishindo siku chache, kisha itakwama. Mnunuzi ambaye hajui historia ya mashine yake aanze kwa kurejesha jeti kuu ya kipimo cha kiwandani.

Oili ipi, na kiasi gani

Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. 25 kwa 1 ni mililita 40. Fuata kitabu cha modeli yako, na upime kwa chombo chenye alama badala ya kifuniko cha chupa. Kuzidisha oili ovyo nako si usalama, kwa sababu oili hiyo huchukua nafasi ya petroli inayopita kwenye jeti na kukausha mchanganyiko.

Pikipiki zenye pampu ya oili, kama zile za Yamaha zilizotumia mfumo wa Autolube ulioanza mwaka 1964, zitolewe mapovu yote ya hewa kwenye mpira wa oili kabla ya kuwashwa. Tangi la kwanza lichanganywe oili kwa mkono ikiwa pampu haijathibitishwa.

Katika pwani ya kusini, kuanzia Gazi hadi Shimoni, oili ya tu-stroki iliyo karibu ni ya mashine za boti, yenye alama TC-W3. Hiyo imetengenezewa injini zinazopozwa kwa maji. Pikipiki hupozwa kwa upepo na joto lake ni kali zaidi. Itafutiwe oili ya pikipiki yenye alama JASO FC au FD, ambayo pia hupunguza moshi. Petroli nayo inunuliwe kituoni. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hugonga ndani ya injini na kuunguza pistoni.

Ekzosi si pambo

Vijana wengi hupenda kutoboa ekzosi ili pikipiki ilie kwa sauti. Katika tu-stroki, ekzosi ni sehemu ya injini. Katika miaka ya 1950 mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya MZ, Ujerumani Mashariki, alionyesha jinsi mawimbi ya sauti ndani ya bomba lenye umbo sahihi yanavyourudisha mchanganyiko unaotaka kutoroka silindani. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi na ujuzi huo, na mwaka 1962 akaishindia Suzuki ubingwa wa dunia wa cc 50. Ekzosi ya asili iondolewe masizi yanayoiziba, lakini isikatwe wala kutobolewa.

Majaribio

Endesha kilomita 500 za mwanzo bila kufungua mafuta hadi mwisho, na usikae muda mrefu kwenye mwendo mmoja. Vidole viwili viwe tayari kwenye klachi. Injini ikianza kuvutwa na kupoteza nguvu ghafla, kamata klachi mara moja. Kisha toa plagi uitazame. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeusi yenye unyevu ni petroli nyingi. Nyeupe, hasa yenye chembe za kung'aa, ni onyo la kusimamisha safari na kutafuta pale hewa inapoingilia.

Kazi yote ifanyiwe nje au penye upepo, mbali na moto, kwa kuwa moshi wa injini ndani ya chumba huua. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe, kwani huenda lina asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Na baada ya kila safari ya ufuoni, pikipiki ioshwe kwa maji matamu, ikaushwe na kupakwa oili nyembamba, kabla upepo wa chumvi haujaanza kuila upya.