Fasihi Tuliyokuja Nayo Darasani

Mwanafunzi wa Juba akianza somo la fasihi, hupewa kwanza orodha ya tamathali za usemi: tashbihi, sitiari, tashihisi, kejeli, takriri, mubalagha. Mimi niliipata orodha hiyo kwa Kiingereza katika kambi ya Kakuma, Kenya, na mifano yake ilitoka kwa washairi wa Uingereza. Baadaye nikajifunza orodha ileile kwa Kiswahili. Mara zote mbili hakuna aliyeuliza kama kwetu tuna kitu cha namna hiyo, nami nikaamini hatuna. Insha hii inaeleza jinsi imani kama yangu ilivyojengeka, na jinsi watu wachache walivyoipinga.

Tuanze karibu na hapa. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa lugha huko Rejaf, ukingoni mwa Nile, kusini kidogo mwa Juba. Serikali ya kikoloni na wamisionari walichagua lugha chache za kufundishia madarasa ya chini, zikiwemo Kidinka, Kibari, Kinuer, Kilotuko, Kishiluki na Kizande. Madarasa ya juu yakapewa Kiingereza. Mkutano huo ulikuwa na faida, kwa kuwa lugha zetu zilipata maandishi na vitabu. Lakini mtoto alisoma lugha yake ili aivuke. Kilichoitwa fasihi kilimngoja ng'ambo ya pili.

Sudan ilipata uhuru mwaka 1956. Mwaka uliofuata serikali ya Khartoum ilichukua shule za misheni za Kusini, na Kiarabu kikaanza kusukumwa mbele. Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yakafanya Kiingereza kuwa lugha kuu ya kazi katika Kanda ya Kusini. Watu walifungwa, walikimbia na walikufa katika ugomvi ambao lugha ilikuwa sehemu yake. Hata hivyo, kwa upande wa shule swali lilibaki moja: Kiarabu au Kiingereza? Nyimbo na ngano za jioni hazikuwamo katika swali hilo.

Swali jingine liliulizwa Nairobi. Mwezi Oktoba 1968, wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hoja yao haikuwa kwamba Shakespeare atupwe. Walisema Afrika iwekwe katikati, na fasihi za mataifa mengine zitazamwe kutokea hapo. Walitaka pia fasihi simulizi ifundishwe kama fasihi kamili. Hatimaye Nairobi ikawa na Idara ya Fasihi. Taban ni mtu wetu: asili yake ni Sudan Kusini, alikulia kaskazini mwa Uganda, na baadaye alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Juba.

Mfano wa kile walichokitetea ulikuwa umekwisha kutokea. Mwaka 1966 Okot p'Bitek wa Uganda alichapisha kwa Kiingereza Song of Lawino, utenzi alioutunga kwanza kwa Kiacholi. Msemaji wake ni mke anayedharauliwa na mume msomi. Anamjibu kwa kejeli, takriri na methali, zana alizorithi kwa mama na bibi zake. Waacholi wako pia upande wetu wa mpaka, kwa hiyo utenzi huo si wa kigeni hapa.

Mwaka 1973 Francis Mading Deng alichapisha kitabu cha nyimbo za Wadinka. Nilipokisoma nilishtuka, kwa sababu nyimbo za aina hiyo nilizisikia nikiwa mdogo. Kijana wa Kidinka hupewa maksai, hulichukua jina la rangi ya maksai huyo liwe jina lake, na humtungia nyimbo. Majina yenyewe ni sitiari. Makuac ni mwenye madoa, na jina limetokana na kuac, yaani chui. Makuei ni mweusi mwenye kichwa cheupe, kutokana na kuei, yaani furukombe, yule ndege mla samaki. Mtu akiitwa, anaitwa ng'ombe. Ng'ombe akiitwa, anaitwa chui au ndege. Katika ngoma mchezaji huinua mikono juu iwe pembe. Sijaona mfano wa sitiari ulio wazi kuliko huo katika kitabu cho chote cha shule.

Mwezi Mei 2012, kabla nchi yetu haijatimiza mwaka mmoja, kundi la waigizaji wa Sudan Kusini lilicheza tamthilia ya Shakespeare iitwayo Cymbeline katika ukumbi wa Globe, London. Tafsiri ilikuwa ya Joseph Abuk, kwa Kiarabu cha Juba, lugha ya soko na mtaa, ndugu wa Kinubi cha Kibera na Bombo. Mfalme wa Uingereza anakataa kulipa kodi kwa Roma, vita vinazuka, anashinda, kisha anakubali kulipa na kufanya amani. Mwezi mmoja tu kabla ya onyesho hilo, majeshi ya Sudan mbili yalikuwa yakipigana Heglig. Hapo Shakespeare hakuwa bwana mkubwa wa darasani. Alikuwa mgeni aliyeketishwa kwetu na kuzungumza lugha yetu kuhusu mambo yetu.

Kwa nini historia hii ina maana kwangu? Mjomba wangu alipoteza ng'ombe wake wote mwaka 1991, vita vilipofika Bor. Kule Kakuma, jioni, aliendelea kumwimbia maksai ambaye hakuwapo tena. Sisi watoto tulicheka. Wakati uleule nilikuwa nikikariri maana ya sitiari kwa ajili ya mtihani. Mjomba amekwisha kufariki, na wimbo ule naukumbuka nusu tu. Nusu ya pili hakuna anayeijua.

Kwa kumalizia, tamathali za usemi si mali ya Waingereza, wala si mali ya Waswahili. Tulichopewa na shule ni majina yake, na majina hayo yana kazi. Mwanafunzi anayejua maana ya takriri anaweza kumsikiliza bibi yake, akatambua anachokisikia, akakiandika. Katika nchi ambayo vita vimewaondoa wazee wengi kabla ya kusikilizwa, kazi hiyo haiwezi kungoja mtaala mpya. Ianze jioni hii, nyumbani, kwa daftari na kalamu.