Nani Mwenye Majarida ya Ukutubi?

Swali la nani anamiliki njia za uzalishaji tumezoea kuliuliza kuhusu mashamba, viwanda na mabenki. Ni nadra kuliuliza kuhusu majarida ya wataalamu. Hebu tuyatazame majarida ya ukutubi ya Marekani na Uingereza.

Mwaka 1876 wakutubi wa Marekani waliunda chama chao, American Library Association. Mwaka huohuo lilianzishwa Library Journal, Melvil Dewey akiwa mhariri. Lakini jarida lilikuwa mali ya mchapishaji Frederick Leypoldt. Chama kilisemea katika nyumba ya mwingine hadi 1907, kilipoanza kutoa jarida lake chenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mabepari waligundua utajiri uliojificha humo. Msomi huandika bila ujira, mwenzake hukagua bila ujira, kisha maktaba hununua, mara nyingi kwa fedha za umma. Robert Maxwell aliijenga kampuni ya Pergamon juu ya msingi huo, na mwaka 1991 akaiuza kwa Elsevier kwa pauni milioni 440. Miongoni mwa bidhaa za Pergamon lilikuwamo Library Acquisitions: Practice and Theory, lililoanza 1977, jarida kuhusu namna maktaba zinavyonunua vitabu na majarida! Mkutubi alikuwa mwandishi, mkaguzi na mnunuzi kwa wakati mmoja.

Mwaka 2013 bodi ya wahariri wa Journal of Library Administration, mali ya Taylor & Francis, ilijiuzulu. Waandishi walikuwa wakiyakataa masharti ya hakimiliki, na nafuu waliyopewa ilikuwa kulipa karibu dola 3,000 kwa kila makala. Lakini tusijidanganye: jina la jarida lilibaki kwa mwenye mali, na jarida likaendelea. Kujiuzulu humtoa mfanyakazi kiwandani; hakumpi kiwanda.

College & Research Libraries, lililoanzishwa 1939, ni mali ya chama cha wakutubi wa vyuo wenyewe. Kwa hiyo mwaka 2011 walipotaka lisomwe bure na wote, hawakumwomba mtu ruhusa. Mwandishi halipi, msomaji halipi. Gharama hubebwa na chama, na hapo ndipo penye ugumu wa siku zijazo, maana chama chenye wanachama wachache hakiwezi mzigo huo. Sisi tunaona maktaba za vyuo zihamishie huko sehemu ya fedha za kununulia majarida ya makampuni. Fedha hizo hutolewa kila mwaka hata sasa, zikienda kwa wenye hisa.