Tamthilia za polisi zisizo na malaika: Mtazamaji wa Mombasa azipime vipi?

KATIKA tamthilia nyingi za polisi, mtazamaji hutambua mapema nani mwema na nani mwovu. Mpelelezi humnasa mhalifu, pingu hufungwa, na kipindi kikaisha kila mtu akiwa ameridhika.

Ipo aina nyingine isiyompa mtazamaji raha hiyo. Humo afisa hodari hupokea hongo, mhalifu huonyesha utu, na sheria huvunjwa na wale wale walioapa kuilinda. Mwisho wake mara nyingi ni swali.

Kwa wakazi wa Kisiwa cha Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Majengo, tamthilia hizi zina uzito wa pekee. Mengi ya maswali yanayoulizwa humo yamewahi kuulizwa mitaani mwao, na baadhi hayajapata majibu hadi leo.

Kutoka kicheko hadi maswali

Kwa miongo kadhaa, Wakenya waliizoea sheria katika runinga kupitia ucheshi. Vioja Mahakamani, kipindi cha shirika la utangazaji la taifa, kiliwachekesha watu kwa visa vya washtakiwa na mashahidi kizimbani.

Hatua tofauti ilipigwa mwaka 2021 kwa Crime and Justice, tamthilia iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Showmax na CANAL+. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi vinane, Sarah Hassan akiigiza mpelelezi Makena na Alfred Munyua akiigiza mwenzake Silas.

Kesi zake zilichota kutoka habari zilizowahi kuitikisa nchi, na hadithi hutoka kituo cha polisi hadi mahakamani. Kwa hivyo mtazamaji hulazimika kukumbuka kwamba kukamata mshukiwa si sawa na kuthibitisha kosa lake.

Bandari ya mbali inayofanana na Kilindini

Huko Marekani, tamthilia inayotajwa sana katika aina hii ni The Wire, iliyoonyeshwa na HBO kuanzia 2002 hadi 2008 kwa misimu mitano. Waliokuwa nyuma yake waliijua kazi waliyoisimulia: David Simon alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu, naye Ed Burns alikuwa mpelelezi wa polisi mjini Baltimore.

Baltimore ni mji wa bandari, na msimu wa pili, wa mwaka 2003, unahusu gatini. Maiti za wanawake zinapatikana ndani ya kontena, na uchunguzi unafika kwa Frank Sobotka, kiongozi wa chama cha makuli.

Sobotka hupokea fedha za magendo. Hata hivyo, hatajiriki nazo, kwani huzitumia kuwashawishi wanasiasa wafufue bandari ili vijana wa chama chake wapate kazi. Je, huyo ni mwizi au ni mzee anayehangaikia watu wake? Tamthilia haimwondolei hatia, wala haimnyimi utu.

Mtu aliyekulia karibu na Kilindini hahitaji kufafanuliwa swali hilo. Tangu reli mpya ilipozinduliwa mwaka 2017 na makontena kuelekezwa Nairobi, kilio cha ajira zilizopotea kimesikika sana Mombasa, na mwaka 2019 waandamanaji waliingia barabarani.

Visa halisi

Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ilikusudiwa kuilinda bandari. Waingereza waliigeuza kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Kuta zilezile zilizojengwa kwa ulinzi zikawa za kufungia watu.

Katika miaka ya karibuni, utata huo umejitokeza upya. Mhubiri Aboud Rogo, aliyekuwa akikabiliwa na mashtaka ya ugaidi, aliuawa kwa risasi Agosti 27, 2012. Ghasia zilizofuata zilisababisha vifo, vikiwemo vya maafisa wa polisi walioshambuliwa kwa guruneti. Aprili 1, 2014, Abubaker Shariff, maarufu Makaburi, naye aliuawa kwa risasi.

Watetezi wa haki za kibinadamu waliwanyoshea polisi kidole, polisi wakakanusha. Kesi za wawili hao hazikufika mwisho, na umma haukupata nafasi ya kusikia ushahidi wote ukipimwa.

Upande wa pili wa shilingi ni kesi ya ndugu wa familia ya Akasha, Baktash na Ibrahim, waliokamatwa Mombasa mwaka 2014 na kupelekwa Marekani Januari 2017. Walikiri makosa ya ulanguzi wa dawa za kulevya. Baktash alifungwa miaka 25 na Ibrahim miaka 23. Waendesha mashtaka wa huko walieleza kuwa hongo ililipwa kwa maafisa nchini Kenya ili kesi ikwame.

Wakati mwingine sheria hufika, ingawa kwa kuchelewa. Alexander Monson, raia wa Uingereza, alifariki Mei 2012 baada ya kuzuiliwa na polisi Diani. Novemba 2021, Mahakama Kuu ya Mombasa iliwapata maafisa wanne na hatia ya kuua bila kukusudia. Ilichukua zaidi ya miaka tisa.

Mambo ya kuzingatia

Anayetaka kufaidi tamthilia hizi aangalie mambo manne.

Kwanza, nani analipa gharama. Afisa anapovunja sheria ili kumnasa mhalifu, mtazamaji amtafute mtu wa tatu aliyeumia.

Pili, nani hajasikika. Shahidi anayenyamaza kwa hofu hueleza mengi kuliko hotuba ya mkuu wa kituo.

Tatu, kanuni za idara. Katika The Wire, wakubwa wanadai takwimu nzuri, na wadogo wanazipika. Kosa la mtu mmoja mara nyingi lina mizizi juu yake.

Nne, mtazamaji ajichunguze mwenyewe. Akijikuta akishangilia mshukiwa akipigwa, ajiulize iwapo angeshangilia kama mshukiwa huyo angekuwa mwanawe.

Swali hilo la nne ndilo zito zaidi. Katika runinga, hadhira huonyeshwa mapema kwamba aliyepigwa ana hatia. Mtaani hakuna anayeonyeshwa hivyo, na ndiyo maana Katiba ya 2010 humhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Tamthilia nzuri ya polisi humwonjesha mtazamaji utamu wa njia ya mkato, kisha ikamwonyesha kaburi lililo mwisho wa njia hiyo.